Nguzo za Baker, udongo wa Makina

Ukipanda namba 8 kutoka Ayany mpaka tauni, halafu uzunguke kidogo kwa miguu na kwa matatu nyingine mbili, unaweza kumaliza siku nzima ukipita mbele ya kazi za mtu mmoja bila kulisikia jina lake. Ofisi kuu za Railways, zile za nguzo karibu na stesheni. Mahakama ya Juu pale City Hall Way, jirani na KICC. Nairobi Primary. Nairobi School kule Kabete. Ikulu pia, ingawa hiyo wengi wetu tunaiona kwenye habari za saa moja tu. Aliyezichora ni Herbert Baker, Mwingereza wa Kent, akisaidiwa na Jan Hoogterp, ambaye ndiye aliyekaa Nairobi kusimamia kazi wakati bosi wake yuko London.

Nataka kuandika habari za Baker nikiwa upande huu wa mji, upande wa Kibera. Hakujenga hata kibanda huku. Lakini ile miaka michache aliyoijengea serikali ya Kenya nyumba za kukaa karne na karne ndiyo miaka ileile ambayo serikali hiyohiyo iliamua kwamba watu wa Kibera ni wa muda tu. Mambo hayo mawili huandikwa kwenye vitabu tofauti. Mimi nayaona kama jambo moja.

Tuanze na mtu mwenyewe. Baker alizaliwa 1862 katika nyumba iitwayo Owletts, kijiji cha Cobham. Alijifunza usanifu wa majengo London, na 1892 akavuka bahari hadi Cape Town, kijana wa miaka 30 asiyejulikana na mtu. Huko akakutana na Cecil Rhodes, tajiri wa almasi ambaye wakati huo alikuwa pia Waziri Mkuu wa koloni ya Cape. Rhodes alikuwa na nyumba kuukuu, Groote Schuur, akamkabidhi Baker aitengeneze. Ilipoungua 1896, Baker akaijenga tena. Mchora ramani akipata mteja wa aina hiyo, mkate wake umeshapakwa siagi pande zote mbili. Mwaka wa 1900 Rhodes akamlipia safari ya kwenda Misri, Ugiriki na Italia, akatazame mahekalu na magofu ya kale, maana tajiri huyo alitaka ufalme wa Waingereza Afrika nao uwe na mawe yake ya kuonyesha.

Alichorudi nacho Baker ndicho wataalamu wanachokiita klasiki mamboleo. Kwa maneno ya kawaida: unachukua nguzo, matao na kuba za Wagiriki na Warumi, unazitumia upya kwa kazi za leo, yaani benki, bunge, mahakama, stesheni. Upande wa kulia na wa kushoto vinalingana. Mlango unakaa katikati, na njia ya kuuendea inanyooka. Mtu anayekuja anaanza kuona kutoka mbali kwamba anakwenda mahali penye mwenyewe, na akifika kwenye ngazi ameshapungua kimo kidogo. Ukitaka kujua kama nasema kweli, nenda usimame mbele ya zile ofisi za Railways asubuhi moja, utazame watu wanavyorekebisha kola kabla ya kuingia.

Kazi iliyompa Baker jina ni Union Buildings, Pretoria, iliyojengwa kati ya 1910 na 1913. Ni jengo la urefu wa mita 285 juu ya kilima, lenye mabawa mawili yanayofanana na safu ya nguzo iliyopinda kama nusu duara kuyaunganisha. Bawa moja lilisimama kwa ajili ya Waingereza, la pili kwa ajili ya Makaburu, waliokuwa wametoka vitani juzi tu. Na Waafrika, wenye nchi? Baker alikuwa amewafikiria, na hili ndilo jambo linaloniondolea usingizi katika habari zake zote. Katika maelezo yake alipendekeza pawekwe mahali pa wazi pa kufanyia mabaraza ya wenyeji, ambapo wangeweza kuhisi utukufu wa serikali bila kuingia ndani ya jengo. Bila kuingia ndani. Hakusahau mtu. Alimpangia kila mmoja nafasi yake kwa penseli, na nafasi ya Mwafrika ilikuwa nje, akitazama.

Wanawake elfu ishirini walifika kwenye ngazi hizo tarehe 9 Agosti 1956 kupinga pasi, na Mandela akaapishwa palepale tarehe 10 Mei 1994. Hayo Baker hakuyaona, alikuwa ameshakufa.

Kutoka Pretoria alikwenda India, ambako Waingereza walikuwa wanajenga mji mkuu mpya, Delhi. Aligawana kazi na Edwin Lutyens, rafiki yake wa siku nyingi, wakaishia kutoelewana kwa sababu ya mteremko wa barabara moja: Lutyens alilalamika kwamba kilima kilivyochongwa, anayekuja kutoka chini anaona majengo ya ofisi ya Baker huku ikulu yake Lutyens ikizama nyuma kama jua la jioni. Watu wazima hao walizozania mwinuko kwa miaka. Lililo muhimu zaidi kwetu ni maandishi yaliyochongwa juu ya lango la mojawapo ya majengo ya Baker huko, yakimwambia Mhindi kwamba uhuru haushuki wenyewe kwa watu, ni wao wanaopaswa kujiinua mpaka waufikie, na ni baraka ya kuchumwa kabla ya kuonjwa. Hebu fikiria kuandikiwa hivyo na mtu aliyekalia mlango.

Sasa Nairobi. Mwaka wa 1925 alifika gavana mpya, Edward Grigg. Kabla ya kuja, Grigg alikuwa katibu wa mfuko wa Rhodes, ule unaolipia wanafunzi masomo ya Oxford, na Baker ndiye aliyekabidhiwa kuuchorea mfuko huo makao yake, Rhodes House. Kwa hiyo njia iliyomleta Baker Nairobi haikuwa ya tenda wala mashindano. Walijuana. Rhodes alikuwa kaburini tangu 1902 lakini bado alikuwa anamtafutia fundi wake kazi.

Mji waliouona ulikuwa wa mabati. Hili tunalisahau sana, tunaposema mabati tunamaanisha Kibera na Kawangware. Reli ilipofika hapa 1899 Nairobi yote ilikuwa mahema na mabati: stoo za reli za mabati, maduka ya Wahindi ya mabati, ofisi za serikali za mabati, Mzungu na ngazi yake ya mbao chini ya paa linalopiga kelele mvua ikinyesha. Mji wote ulikuwa wa muda. Kilichotokea baadaye ni kwamba watu fulani waliruhusiwa kutoka kwenye mabati na wengine wakakatazwa.

Grigg alitaka koloni ionekane imefika kukaa. Baker akaanza na nyumba ya gavana mwenyewe. Gavana alikuwa na makao kwenye kilima kile tangu 1907, na tarehe hiyo ndiyo utakayoikuta imeandikwa kila mahali, lakini kazi ya Baker ni ya miaka ya 1920. Mombasa nako akachora nyumba ya gavana, ikitazama bahari. Gharama zake zilizua kelele, hata Uingereza kwenyewe. Baada ya uhuru nyumba ya Nairobi ikawa Ikulu, na hapa kuna kichekesho kidogo: Mzee Kenyatta hakupenda kulala humo, alikuwa anarudi Gatundu. Moi naye alipenda zaidi kukaa Kabarnet Gardens, hapa Woodley, ambapo mtu wa Ayany anafika kwa mguu bila kutoa jasho. Kwa hiyo kwa miaka mingi rais wa Kenya alikuwa jirani ya Kibera, na jengo la nguzo nyeupe lilikuwa la kazi za mchana na wageni.

Zikafuata ofisi za reli mwishoni mwa miaka ya 1920, shule ya watoto wa Kizungu iliyo sasa Nairobi Primary, kisha shule ya wavulana wa Kizungu iliyoitwa Prince of Wales, iliyofunguliwa Kabete 1931 na ambayo leo ni Nairobi School. Mwisho mahakama kuu, iliyokamilika 1935.

Lazima nimpe mtu haki yake. Baker alijua jua. Nguzo zake za Nairobi si pambo tupu. Zinabeba baraza pana, baraza linatia kivuli ukutani, ukuta ni mnene wa mawe, na katikati kuna ua ambao upepo unazunguka. Mchana wa Januari ingia katika mojawapo ya majengo yake, halafu ingia ofisi yoyote ya vioo iliyojengwa juzi Upper Hill, uniambie wapi unahitaji feni. Mafundi waliochonga mawe hayo wengi walikuwa Wahindi, watoto wa utamaduni wa uashi wa Kutch na Punjab, na waliobeba mawe walikuwa Waafrika wenye kipande shingoni. Ufundi wao ni mzuri hadi leo, karibu miaka mia baadaye.

Basi tuje Kibera.

Wanubi walikuwa askari. Walitoka Sudan, wakapitia Uganda, wakaingia King's African Rifles, wakaipigania serikali ya Mwingereza katika vita baada ya vita. Serikali ikawapa sehemu ya msitu pembeni mwa Nairobi wakae na familia zao, na wao wakauita Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwaka wa 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197. Aliyetaka kujenga alipata kibali kutoka jeshini. Jina la Laini Saba lenyewe limebaki kutoka enzi ya askari na uwanja wao wa shabaha. Ilikuwa kama pensheni iliyolipwa kwa udongo, isipokuwa hakuna aliyeandika mahali popote kwamba udongo huo ni wao.

Mwaka wa 1928 ndio ninaoutazama zaidi. Mwaka huo sanamu za shaba za askari Mwafrika na wenzake zilisimamishwa Delamere Avenue, ambayo sasa ni Kenyatta Avenue. Bado zipo, watu wanapumzikia pale wakisubiri wenzao. Mwaka huohuo jeshi lilijiondoa Kibera na kuikabidhi kwa utawala wa kiraia. Ghafla askari aliye hai akawa tatizo la mipango ya mji. Serikali ilianza kutafuta namna ya kuwahamisha. Haikuwajengea barabara wala kuwapa maji ya maana, kwa sababu ukimjengea mtu barabara umekubali kwamba atakuwepo mwaka kesho. Askari wa shaba alipata jiwe la kusimamia, na wa damu akaambiwa ajenge kwa kitu kinachoweza kubomolewa.

Wakasubiri tume. Ile tume ya ardhi ya Morris Carter iliundwa 1932 na taarifa yake ikatolewa 1934. Kuhusu Wanubi wa Kibera ilisema kwamba ni wapangaji tu kwenye ardhi ya Mfalme, wanakaa kwa hisani yake, ingawa wakiondolewa ingefaa walipwe fidia. Mwaka uliofuata, 1935, mahakama ya Baker ikakamilika: nguzo na ngazi, mlango katikati. Sheria ilikuwa imepata nyumba yake ya mawe, na katika sheria hiyo mtu wa Makina hakuwa na kwake.

Kwa hivyo nikisikia watu wakisema kwamba nyumba za Kibera ni za matope kwa sababu watu wake hawakujua kujenga, huwa nachoka. Nenda Makina utafute nyumba ya Kinubi ya zamani, zimebaki chache. Kuta ni za fito na udongo, zimepigwa lipu zikapakwa chokaa. Mlango uko katikati. Ukiingia kuna koridoo iliyonyooka mpaka ua wa nyuma, vyumba pande mbili vikilingana, kulia na kushoto. Mbele kuna baraza la kukaa jioni, na kivuli chake kinafika mahali panapofaa. Ni nyumba ya Waswahili, ileile utakayoikuta Majengo ya Pumwani au Dar, na aliyeichora hakuhitaji kutumwa Ugiriki. Mstari wa katikati, mizani ya pande mbili, baraza, ua: karibu kila kitu ambacho Baker alisifiwa kwacho kimo humo. Ilichokosa nyumba ya Makina ni ruhusa ya kutumia mawe, na karatasi ya kuonyesha kwamba kesho itakuwa palepale.

Sisemi kwamba nyumba hizo mbili ni sawa. Udongo unahitaji kukandikwa upya, mvua inakula misingi, choo ni taabu. Nasema tu kwamba umaskini wa vifaa uliamriwa, na ulianza kabla ya wapangaji wengine wote tuliokuja baadaye kutoka Nyanza, Magharibi, Ukambani na kwingineko. Sisi tulikuta sheria ya nyumba ya muda ishawekwa, tukaihamia.

Ule msitu ulizidi kukatwa vipande. Baada ya uhuru serikali mpya iliurithi kama ilivyorithi nguzo. Mitaa ya nyumba za mawe ikachipuka ndani ya ardhi ileile ya zamani: Jamhuri, Fort Jesus, Olympic, na huu wetu wa Ayany. Mwenye nyumba Ayany ana mawe na ana hatimiliki. Mtu wa hatua mia tatu kutoka kwake, ambaye babu yake alizaliwa hapa, ana mabati na risiti za chifu. Tunanunua sukumawiki kwa mama mmoja, tunapanda matatu moja, lakini tingatinga likija linajua njia ya kupita. Julai 2018 lilipita kweli, kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Maelfu ya watu walilala nje, na shule zikaanguka pamoja na nyumba. Alama ya X nyekundu ilikuwa imepakwa ukutani kabla. Ayany haikupakwa.

Hata Baker alikuwa mbomoaji, ikifaa nilitaje. Miaka ileile ya kazi za Nairobi alikuwa anaijenga upya Benki Kuu ya Uingereza mjini London, na ili kufanya hivyo alibomoa sehemu kubwa ya kazi ya John Soane, bingwa wa klasiki wa zama zilizotangulia. Mwanahistoria Nikolaus Pevsner hakuwahi kumsamehe. Kumbe hata mawe hayana usalama mwenye nguvu akitaka nafasi. Tofauti ni kwamba kwa kumbi za Soane watu wanalia mpaka leo kwenye vitabu.

Wanubi nao hawakukaa kimya. Mwaka wa 2006 walipeleka kesi yao kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, na 2015 tume ikaamua kwamba Kenya imewanyima haki zao, pamoja na usalama wa ardhi yao Kibera. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta akawakabidhi hatimiliki ya jamii. Ilikuwa ya ekari 288. Ukitoa 288 kwenye 4,197 utajua Ayany, Olympic na Jamhuri ziko upande gani wa hesabu.

Na miezi mitatu baadaye, Septemba 1, 2017, mahakama iliyochorwa na Baker ikafanya jambo ambalo Afrika haikuwa imeliona. Majaji wanne dhidi ya wawili walifuta uchaguzi wa rais. Jaji Mkuu Maraga alisoma uamuzi akiwa ndani ya lile jengo la 1935, na Kibera, ambako Raila alikuwa mbunge miaka ishirini, ililipuka kwa vuvuzela na sufuria mpaka jioni. Watu waliimba barabarani kuhusu nyumba ambayo babu zao wangeiona kwa nje tu, wakihisi utukufu wake. Safari hii mawakili wao walikuwa ndani. Uchaguzi wa marudio ulivyokwenda ni hadithi nyingine, na Kibera iliilipia kwa damu.

Baker alikufa Februari 1946, akiwa nyumbani kwao Owletts, palepale alipozaliwa. Majivu yake yaliwekwa Westminster Abbey. Nyumba hiyo ilijengwa katika karne ya 17, na 1938 yeye mwenyewe aliikabidhi kwa National Trust, shirika linalotunza majumba ya kale Uingereza, ili isije ikauzwa wala kuvunjwa. Familia yake ikaendelea kuishi humo. Kwa sheria walikuwa wapangaji.